Nungunungu Saluni

Nasimiyu alikuwa mtu wa kadi. Kazi yake ilikuwa katika duka la uchapishaji, orofa ya pili ya jengo moja la River Road, na kwa miaka mingi majina ya watu wa Nairobi wasio na pesa za kuchezea, waliooana au waliozika wapendwa wao, yalipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta akipanga majina ya maharusi, au akipunguza picha ya marehemu ienee vizuri kwenye jalada la ratiba ya mazishi. Kazi hiyo haikutaka mzaha, kwa hiyo mzaha wake aliumalizia kwenye karatasi zilizoharibika. Mashine ikipata moto na kuzimwa ipoe, alichukua kalamu ya biki akachora wanyama: mbuzi aliyevaa tai, kunguru akipuliza chai, punda aliyebeba punda. Wangeci, mama wa makamo aliyekuwa akikata na kushona vitabu pale dukani, aliviokota vile vikaratasi na kuvibandika ukutani juu ya mashine yake.

Nasimiyu aliposhika mimba, Wangeci alimshonea kitabu kwa mabaki ya karatasi nzito za kadi. Kila mwezi wa mwaka wa kwanza wa mtoto ulikuwa na ukurasa wake, na chini ya kila ukurasa aliacha mstari uliochapishwa maneno haya: Siku nitakayoikumbuka mwezi huu.

"Utaandika ya mtoto," Wangeci alimwambia, "na wale wanyama wako uwaweke humo, badala ya kuwatupa."

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua za Aprili. Alikuwa mvulana, akapewa jina la babu yake wa Machakos, Masila. Muuguzi alimlaza kifuani mwa mama yake, na Nasimiyu akasubiri. Alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba furaha huja yenyewe, hata ukiwa umechoka vipi. Alisubiri siku ile, akasubiri walipofika nyumbani Riruta, akaendelea kusubiri nguo za mtoto zikianikwa na kuanuliwa. Haikuja. Huzuni nayo haikuja, na hilo ndilo lililomfanya aone hana la kumweleza mtu. Mtu anayelia huulizwa ana nini. Yeye hakuwa akilia.

Hakuna kazi ya mtoto aliyoiacha. Alimwogesha, alimnyonyesha, alimbeua, alimkata kucha akiwa amelala. Alifanya hivyo kama mtu aliyeshika zamu ya mwenzake, anayeitazama mara kwa mara saa ya ukutani ingawa hajui mwenzake atafika lini.

Mume wake, Mwololo, alikuwa fundi wa lifti katika majengo marefu ya Westlands. Alirudi jioni akinuka grisi, akanawa hadi viwiko, kisha akamchukua mwanawe na kumsimulia habari za lifti zilizomtesa siku hiyo. Mwezi wa kwanza ulipokuwa ukiisha, aliuliza, "Mama Masila, umeandika nini kwa ile kitabu?"

"Bado."

"Andika hata kitu kidogo. Huyu atakuja kutuuliza."

Nasimiyu alikaa mezani akausoma ule mstari. Siku nitakayoikumbuka. Alijaribu kwa dhati kabisa. Aliupekua mwezi mzima kichwani, siku kwa siku, na kila siku ilikuwa na sura ya ile iliyotangulia. Mkono ulikuwa umeshika kalamu na karatasi ilikuwa tupu, basi akachora. Akachora kiboko mnene aliyevaa gambuti, anavuka dimbwi huku amejifunika mwavuli mdogo usiofunika hata sikio. Kiboko alijaa ukurasa wote. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikanyaga ule mstari ukausitiri.

Mwololo alicheka hadi akaketi. Alipiga picha ule ukurasa akawatumia watu wake wote, na mama yake akarudisha ujumbe wa sauti uliokuwa kicheko kitupu tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa muda, yeyote aliyeuliza hali ya Nasimiyu aliambiwa aangalie kiboko. Mwezi wa pili walikuwa tayari wanangoja. Akawachorea twiga nyuma ya bodaboda, shingo ameikunja mara mbili asinase kwenye nyaya za stima. Walifurahi tena. Nasimiyu alisikia wakifurahi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Wangeci alikuja kumwona. Alileta ndizi na habari kwamba mwenye duka anauliza likizo ya uzazi inaisha lini. Mwololo hakuwepo, alikuwa ameitwa kazini kwa sababu lifti ilikuwa imekwama. Mtoto alilala chumbani, nyuma ya pazia. Nasimiyu alimkaribisha mgeni, akamwekea chai, na Wangeci alipoomba kuona anavyochora, akafungua kitabu akaendelea na mnyama wa mwezi ule. Alikuwa nungunungu aliyeketi saluni, na nyuma yake msusi ameinua mikono, hajui aanzie mwiba gani.

Mtoto aliamka akaanza kulia.

"Masila ameamka," Wangeci alisema.

"Mm."

Nasimiyu alichora mwiba, akachora mwingine. Kilio kikapanda. Wangeci aliweka kikombe chini akangoja, akidhani mwenzake anamalizia mstari. Kilio kikapanda zaidi, kikaanza kukwaruza. Kalamu haikusimama.

"Nasi. Unamsikia mtoto?"

"Namsikia."

"Na?"

Nasimiyu aliinua uso. Alitaka sana kujibu sawasawa, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni. "Na nini, Mama Dedan?"

Wangeci alimtazama kidogo, kisha akainuka akapita nyuma ya pazia. Alirudi na mtoto begani, akaketi akimpigapiga mgongo hadi akatulia. Hakugomba.

"Umekaa hivi tangu lini?"

"Hivi vipi?"

"Hivi."

Nasimiyu aliifunika kalamu kifuniko chake. "Tangu hospitali. Nikimwangalia naona mtoto, mtoto mzuri. Lakini ni kama wa jirani, nimeachiwa nimshikie."

"Baba yake anajua?"

"Anaona hizi." Akakisukuma kitabu. "Anafikiri niko sawa."

"Na ukichora unasikia raha?"

Alifikiri. "Hapana. Lakini saa hiyo angalau najua mkono yangu inafanya nini."

Wangeci aliendelea kumpigapiga mtoto ambaye tayari alikuwa amelala. "Mimi nikizaa Dedan," alisema, "nilikuwa naenda kukaa kwa choo ya ploti. Naambia watu tumbo inauma. Haikuwa inauma. Nilitaka tu mahali hakuna mtu ananiangalia usoni kama nimefurahi."

"Iliisha?"

"Iliisha. Lakini nilikaa nayo sana kwa sababu sikusema. Wewe tutasema leo."

Hakuondoka hadi Mwololo aliporudi. Alimweleza palepale, Nasimiyu akiwa ameketi kando, wala Wangeci hakupunguza neno wala kuongeza. Mwololo alisikiliza akiwa amesimama, mfuko wa vifaa ukimning'inia begani.

"Lakini anachora," akasema.

"Ndiyo, anachora," Wangeci alisema.

Mwololo aliuweka mfuko chini. Alimsogelea mkewe akachuchumaa mbele yake, akabaki amechuchumaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatatu alimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mwanamke mpole aliyeitwa Janice, alimuuliza maswali mengi bila haraka. Amewahi kutaka kumdhuru mtoto? Hapana. Kujidhuru? Hapana. Ila mara nyingine, Nasimiyu alisema, hutamani kutoka tu nje na kuifuata Naivasha Road kwa miguu mpaka iishe. Janice alimwambia huo ni ugonjwa, una jina na una dawa, na kwamba kwenye lile benchi nje kulikuwa na mama mwingine mwenye hali hiyohiyo. Nasimiyu aliyasikia yote. Kubwa alilolisikia ni kwamba kiti kilikuwa kigumu.

Alipewa tembe, na kila Alhamisi akawa anaenda kuzungumza na mshauri palepale kituoni. Mwololo alichukua kazi ya kumwogesha mtoto asubuhi, na alipoulizwa kwao mbona picha hazitumwi siku hizi, alisema Mama Masila anapumzika. Mwezi wa nne Nasimiyu alichora nguchiro mbele ya televisheni iliyozimwa. Safari hii aliuacha mstari wazi, akaandika juu yake: Sikumbuki. Mwololo alisoma, akakifunga kitabu taratibu, hakutoa simu.

Akarudi River Road, kwenye maharusi na marehemu wake. Miezi ikaenda. Hakuna siku aliyoamka akajikuta amepona.

Ila jioni moja alifungua kitabu akamkuta kakakuona wake, aliyemchora gamba kwa gamba kwa uangalifu akiendesha mkokoteni wa maji, amepakwa rangi ya kijani. Rangi ilikuwa imepita mistari ikamwagikia hata magurudumu.

"Nani amegusa hii?"

"Ni mimi," Mwololo alisema kutoka jikoni. "Nilitaka kusaidia."

"Nani amekuambia usaidie? Kakakuona umeona wapi ni kijani? Si ungeuliza?"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, masikio yakamwaka. Mwololo alichungulia mlangoni na kijiko mkononi. Walitazamana. Mwololo hakuwa amemsikia mkewe akipandisha sauti tangu kabla ya mtoto kuzaliwa.

"Nilikasirika," alimwambia mshauri Alhamisi iliyofuata.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa moto. Hapa." Akashika shingo. "Ikakaa kama dakika mbili, halafu ikatoka."

"Na baada ya hapo?"

"Nikaosha vyombo."

Mwezi ulipoisha alikaa tena mezani. Masila alikuwa sakafuni akigonga sufuria kwa mwiko. Nasimiyu alichora familia ya bata wakipiga foleni benki, na kwenye kona akaweka konokono aliyechelewa, mdogo kama kifungo cha shati. Mwololo alikuja akasimama nyuma yake. Hakuomba, alisimama tu. Baadaye Nasimiyu akamsogezea kitabu na kalamu ya rangi.

"Huyo konokono peke yake," alisema. "Na ukipitisha mstari nakunyang'anya."