Maji ya Kuoga ya Mama

Sisi tuliokulia Bodo tuliyajua maji ya moto kwa moshi wake. Miezi ya kusi, asubuhi ikiwa na baridi na mvua nyembamba, ulikuwa ukiamka na moshi wa makumbi na vifuu vya nazi umeshaingia chumbani, ukajua sufuria kubwa imeinjikwa uani. Mama alikuwa akitia majani ya mwarobaini iwapo kuna mtoto mwenye vipele, na kwa kuwa mwenye vipele hakukosekana, sote tulinuka mwarobaini hadi darasani.

Bafu letu lilikuwa kiwambo cha makuti na bamba la jiwe chini. Tulioga kwa zamu, kata mkononi, aliye ndani akiimba na walio nje wakimhimiza amalize. Kaka zangu walikuwa wakirudi kutoka baharini wakidai wameshaoga. Mama hakubishana nao. Alimpitishia mmoja kidole begani, akakionja, akasema, "Wewe umetiwa chumvi, hujaoga. Ingia."

Binti yangu Aisha nikimsimulia haya hucheka kwa adabu tu. Yeye anaamini maji ya moto huzaliwa ukutani. Husimama chini ya bomba hadi kioo kikafifia kwa mvuke, kisha hutoka akiuliza nani aliyeyamaliza.

Nyumba yetu hapa Mwabungo ilikuwa na hita ya tangi tuliyoifunga tulipojenga. Kisima chetu kina chumvi, na chumvi ikaila. Maji yakawa yanatoka na kutu, yanachelewa kupata moto, na Aisha akitangulia kuoga, anayefuata huoga baridi. Mimi na mume wangu Omari tulikuwa tukizungumza habari ya kuiondoa tuweke ile hita ndogo isiyo na tangi, inayopasha maji yakiwa yanapita. Tulizungumza, tukaacha, tukazungumza tena. Ndipo Mama akaja kukaa nasi, goti lake likiwa limekataa kazi.

Mama hapendi kusumbua mtu. Alfajiri moja nikasikia kishindo jikoni. Nilimkuta ameishikilia meza, sufuria imepinduka sakafuni, mvuke unapanda. Alikuwa amechemsha maji yake mwenyewe, akayabeba kwa ncha za leso, goti likamsaliti njiani. Yalikuwa yamemmwagikia mguuni.

"Si kitu," alisema. "Nimwagie maji baridi."

Nilimmwagia.

Alitibiwa, na mguu ukaanza kupona. Tukamwita fundi wa umeme. Akatueleza kwamba hita ndogo itafaa, ila tuchague ile inayostahimili maji ya chumvi, na waya wa zamani utolewe uwekwe mnene zaidi. Omari akasita.

"Na umeme ukikatika?" aliuliza. "Tangi angalau hubaki na maji yake."

"Tangi hubakisha," nikamwambia, "Aisha habakishi."

Alicheka, lakini hakukubali. Wala hakuwa amekosea, maana huku kwetu umeme huondoka bila kuaga. Tukabaki hapo siku kadhaa, na kila alfajiri nikawa naamka kabla ya Mama ili nimzuie asiende jikoni. Mwishowe, tukiwa mezani, ikanijia kwamba mwenye haja hatujamuuliza.

"Mama, wewe ungependa maji ya namna gani?"

"Mwanangu, hayo ya kumwagika kichwani kama mvua sijayazoea," alijibu. "Nipeni ndoo na kigoda niketi. Maji yafike yenyewe, nitashukuru."

"Na umeme ukikatika, mama?" Omari akauliza, kwa heshima.

"Basi mtayachemsha jikoni, na mtayabeba nyinyi. Mimi nimebeba ya kwangu."

Omari aliinamisha kichwa akatabasamu. Kesho yake akampigia fundi simu.

Hita ikafungwa, na mpira wake ukaachwa mrefu ufike kwenye ndoo. Siku ya kwanza Mama alitia mkono majini, akasema, "Alhamdulillahi." Umeme umeshatukatikia mara kadhaa tangu hapo. Omari huchemsha, nami hubeba.

Sitasema zamani kulikuwa bora. Aliyeteka maji kisimani na ndoo kichwani hawezi kulisema hilo kwa moyo mweupe. Lakini kuoga kwetu kulikuwa na watu. Mwenye kidonda alijulikana, aliyenuna alitaniwa mpaka akacheka. Siku hizi kila mmoja hujifungia komeo, akatoka amekwisha kuvaa, na huwezi kujua ameamkaje.

Mama hajifungii. Huacha mlango wazi kidogo, nami huketi nje kwenye mkeka na kikombe cha chai, akinisimulia habari za watu wa Bodo, huyu kaolewa wapi, yule kagombana na nani, huku maji yakimiminika ndooni. Juzi Aisha alikuja na taulo begani kungoja zamu yake. Alisimama kidogo akisikiliza, kisha akaja kuketi kando yangu.

"Nyanya anamsema nani?" alininong'oneza.

Nikamsogezea chai, nikamwambia anyamaze asikie.