Siku Selina Alipowaswaga Kondoo wa Watu

Ukifika Gwata ukaulizia nyumba ya Mama Selina, utaulizwa kwanza: yule Msukuma wa ng'ombe, au Selina wa kwaya? Usihangaike kujibu, maana ni mtu mmoja. Ni mjane wa miaka hamsini na minne, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. Jumapili sauti hiyo hiyo huwafunika wanakwaya wenzake wote, na mwalimu wa kwaya hufumba macho akaomba uvumilivu.

Mumewe, marehemu Nyanda, alimwoa kwao Meatu, na ndoa yao ikawa ya safari tangu mwanzo. Meatu waliondoka kwa ukame. Usangu waliondolewa na serikali. Kilosa waligombana na wakulima hadi wakaona heri waondoke wakiwa wazima. Gwata walifika miaka kumi na miwili iliyopita, ng'ombe wamekonda, watoto wamechoka kuuliza wanakwenda wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Shamba likikanyagwa, hata kama ni mbuzi wa mwenyeji aliyelikanyaga, kesi ililetwa kwa Nyanda.

Aliyewafanya wazoeleke ni Bi Hajra, jirani yao, Mzaramo mkulima wa mihogo. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni mwa zizi, akatangaza kwamba Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi na enzi, kwa hiyo ng'ombe wale wote ni wake na Wasukuma amewaazima tu wamchungie. Tangu siku hiyo wanawake hao wawili hawajawahi kuambiana neno la heshima, na haipiti siku mmoja hajamtafuta mwenzake.

Nyanda alifariki miaka mitatu iliyopita, akaacha ng'ombe thelathini na saba. Mwaka huu lambo la kijiji lilikauka mapema, mkutano wa kijiji ukakaa, ikaamuliwa kila kaya ipunguze mifugo. Faustine, mdogo wake Nyanda, hakutaka hata kusikia. Alisema kuna malisho Lindi, malori yameshapatikana, ukoo mzima unahama. Selina alikubali. Alikubali kama alivyokubali mara tatu za mwanzo, bila hata kukaa chini. Aliomba jambo moja tu: wasubiri kwanza arudi kutoka Wales.

Ndiyo, Wales, kwa Wazungu. Parokia yao ina undugu wa miaka mingi na kanisa moja dogo la milimani huko, na zamu hii walialikwa watu sita. Selina alichaguliwa kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kinamama wafugaji. Mwalimu Adrian, anayefundisha Kiingereza sekondari pale Tumbi, alikwenda kama mkalimani.

"Nenda, mtani," Bi Hajra alimwambia siku ya kuaga. "Mwenda bure si mkaa bure. Niletee Mzungu mmoja aje anipalilie mihogo."

Selina alicheka. Habari ya Lindi hakumwambia. Alitaka, kisha akaona atamwambia akirudi.

Mwenyeji wao huko alikuwa Bibi Megan, mama wa miaka sabini na ushei, mfuga kondoo, mfupi, mwenye mabuti yenye matope yaliyokauka tabaka juu ya tabaka. Siku ya kwanza aliwapeleka kwenye maporomoko ya maji. Walipita katikati ya miti iliyoota ukoga wa kijani hadi kwenye matawi, na kabla hawajayaona maji waliyasikia. Kisha hayo hapo: meupe, yanashuka jabalini kwa kishindo, yanapiga mawe, yanarusha manyunyu hadi kwenye kitenge alichojifunga Selina juu ya koti la kuazima. Mwalimu Adrian alipiga picha mpaka simu ikamwishia chaji.

Selina yeye alikuwa anatafuta ndoo. Alitazama ng'ambo hii na ng'ambo ile, akitafuta njia iliyokanyagwa na wachotaji, alama za kwato, chochote. Hakuna. Watu walikuja na vijiti vyao vya kutembelea, wakasimama, wakatazama, wakaondoka.

"Mwalimu, muulize," alisema, "haya maji wanayachota saa ngapi?"

Bibi Megan akajibu kwamba hayachotwi, ni ya kutazama. Selina akaketi juu ya jiwe. Kwao, kiangazi kama hiki, mtu akiyaona maji mengi namna ile angepiga yowe la furaha kijiji kizima kisikie. Aliona uchungu, na hakujua amwonee nani. Alikinga viganja, akanywa mara tatu. Yalikuwa baridi hadi meno yakauma.

Siku ya pili ilikuwa ya ziwa. Lilikuwa refu, jeusi, limetulia baina ya vilima viwili, na lingemdanganya yeyote kuwa Mungu aliliumba na dunia. Bibi Megan alisema sivyo. Lilikuwa bonde. Mama yake alizaliwa humo na akahamishwa akiwa na miaka tisa, pale bonde lilipozibwa ili maji yaende mjini. Nyumba, shule na kanisa vyote viko chini.

Wenzake wakasikitika kwa adabu. Selina akauliza: "Na makaburi?"

Bibi Megan alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alisema baadhi ya wafu walihamishwa, wengine wakaachwa na kufunikwa na maji. Mama yake alikuwa akija pale kila mwaka hadi alipokufa, anasimama ukingoni. Kisha bibi naye akauliza: na wewe, wafu wako wako wapi?

Selina alihesabu kwa vidole. Baba mkwe wake, Meatu. Mtoto wake wa tatu, Monica, Usangu, chini ya mgunga ambao huenda umeshakatwa. Mama mkwe wake, Kilosa. Nyanda, Gwata. Alieleza kirefu, na kila kaburi akalitaja lilikoelekea. Mwalimu Adrian, ambaye naye ana mipaka yake, akatafsiri: "Anasema wako mahali pengi."

Siku ya tatu wakapanda mlima, na hapo ndipo Selina alipoliletea kundi aibu ambayo watu wa Gwata wanaicheka hadi leo.

Mlima ulikuwa hauna miti, majani mafupi tu na mawe, na ukungu unaokuja na kuondoka kama mtu asiyejua anachotaka. Wenzake walitangulia. Selina alibaki nyuma akipumua, na ukungu ulipofunguka akaona kondoo. Kama thelathini hivi, na wana wao, wamepakwa rangi ya buluu mgongoni. Alitazama huku na huku. Hakuna mchungaji, hakuna mbwa, wala ua. Kondoo wa mtu, wana alama ya mwenyewe, wametelekezwa juu ya mlima na ukungu unazidi kushuka!

Msukuma hawezi kupita hapo. Mnyama aliyepotea huokolewa kwanza, mwenyewe huulizwa baadaye. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo Nyanda alivyorudishiwa ng'ombe wake mara mbili na watu asiowajua. Selina alijifunga kitenge vizuri, akaokota fimbo, akawazunguka kwa juu, akapiga mluzi. Kondoo wakashtuka, wakajikusanya. Akawaswaga. Aliwashusha taratibu, anawaita kwa Kisukuma, anamgonga anayechelewa, na jinsi alivyokuwa na furaha huwezi kuieleza, maana kwa siku tatu hakuwa na kazi ya kufanya. Aliwavusha kijito, akawapitisha kwenye geti lililokuwa wazi, akawaingiza kwenye bonde la upande wa pili, akawafungia geti. Akakaa juu ya ukuta wa mawe akisubiri kushukuriwa.

Bibi Megan alifika mbio, uso mwekundu, na Mwalimu Adrian nyuma yake hana rangi kabisa.

"Mama, umefanya nini! Hao ni kondoo wake!"

"Basi mwambie wako salama," Selina alisema.

Bibi alifungua geti. Selina alidhani sasa atawaswaga mwenyewe. Wala. Alisimama kando tu. Kondoo jike mmoja mzee alitoka, akanusa hewa, akavuka kijito, akaanza kupanda. Mwingine akafuata, na mwanawe. Kisha wote, mstari mmoja, wakapita njia nyembamba ambayo Selina hata hakuwa ameiona, mpaka wakafika palepale alipowatoa. Wakasimama. Wakaendelea kula.

Hasira za bibi zilikuwa zimekwisha. Alikaa ukutani karibu na Selina, akaeleza, na safari hii Mwalimu Adrian alitafsiri neno kwa neno, labda kwa woga. Kondoo hawa hawachungwi kwa sababu wanajua kwao. Yule jike mzee alizaliwa pale juu, na mama yake, na bibi yake. Mwana humfuata mama kiangazi chote, akajua jiwe lipi la kujikingia upepo, na kijito kipi ndicho mwisho wao. Mfugaji akiuza shamba, kondoo hao hubaki na mlima wao, maana mlima mwingine wangepotea.

Selina aliwatazama kondoo wakila. Kisha akasema, "Mwalimu, muulize. Wa kwanza kabisa, ambao mama yao hakuzaliwa hapa, wao nani aliwafundisha?"

Bibi Megan alifikiri. Alisema: mtu. Ilibidi mtu akae nao juu mlimani, mvua na baridi, akiwarudisha kila walipovuka kijito, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakazaliwa wale wasiojua pengine. Hakuna njia nyingine. Lazima mmoja akubali kukaa.

Selina alilia pale ukutani. Aliwaonea kondoo wivu, na aliona haya kumwonea wivu kondoo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu Adrian alidhani analia kwa kuaibika, akamfariji kwamba bibi ameshasamehe.

Aliporudi Gwata alikwenda kwa Bi Hajra kabla hajafungua begi. Alimweleza yote: Lindi, malori, ahadi aliyompa Faustine, na kwamba sasa anataka kuivunja ila hajui kama ataweza. Alitarajia matusi ya utani. Bi Hajra alichukua jembe lake, akaondoka kuelekea shambani. Katika miaka kumi na miwili ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtani wake hana neno, na Selina akarudi nyumbani peke yake.

Jumamosi kikao cha ukoo kilikaa uani kwake: Faustine na wazee wawili wa Kisukuma waliotoka Ngerengere. Selina aliwaamkia wazee, akagawa maziwa, akasema kabla moyo haujabadilika: "Shemeji, mimi siendi. Nitabaki na ng'ombe kumi na mmoja, kama kijiji kilivyonipangia. Ishirini na sita chukua, ni wa ukoo."

Faustine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husema kwa sauti kubwa. "Kumi na mmoja! Kaka alikuacha na thelathini na saba. Na hao kumi na mmoja nitawachagua mimi." Akaenda zizini, akaanza kutenga wa kuondoka nao, na wa kwanza kumfunga kamba alikuwa Kabula, ng'ombe jike mwenye baka shingoni, aliyezaliwa Gwata siku ya mvua ya kwanza na kunyweshwa kwa chupa na Nyanda mwenyewe. Selina alishika mti wa zizi, lakini hakurudisha neno lake.

"Na nikuulize, shemeji," Faustine alisema, kamba mkononi. "Watoto wako wote wako mbali, na sisi tukiondoka huna ukoo hapa. Siku ukifa, nani atakuzika?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu ziwani.

"Mimi," sauti ilisema nyuma ya zizi.

Bi Hajra alikuwa amesimama na jembe begani. Hakualikwa, na hakuomba radhi.

"Nitamzika mimi. Nitavaa kitenge chake alichokwenda nacho Ulaya, nitaingia kaburini nilale humo, sitoki mpaka mnipe changu cha utani. Nitawatangazia watu kwamba huyu alikuwa mlafi, sauti kama punda, mwizi wa kondoo wa Wazungu. Gwata nzima itacheka msibani mpaka ishike mbavu. Nyie wenyewe mnajua, hatumfanyii hivyo mtu wa kupita."

Wazee wawili walitazamana, na mmoja akaanza kucheka taratibu, maana utani anaujua na uzito wake anaujua. Selina alikuwa analia waziwazi, na hakujali nani anamwona.

"Na wewe," Bi Hajra alimgeukia Faustine, "mwache huyo mwenye baka. Huyo ndiye nitakayemla matangani."

Faustine aliwatazama wazee. Wazee hawakumsaidia. Akamfungua Kabula kamba, akaingia tena zizini kutafuta mwingine.