Kipoyi Kilichopita Mlangoni Pangu

Naikumbuka siku niliyojificha chumbani kwangu mwenyewe, mwanangu, kijana mzima mwenye nguvu za fahali. Ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Nsimire, msichana niliyempenda kuliko macho yangu. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, namngoja tonton, mjomba wangu, aje, maana ndiye angenisemea huko.

Huku kwetu, kwenye vilima vya Bukavu, gari halipandi. Mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, machela yetu ya miti, na kikipita mlangoni pako unatoka, unaweka bega. Nikasikia wanaita, "Banaume, mutusaidie!" Nikachungulia dirishani. Mgonjwa alikuwa amefunikwa blanketi, na njia yote ilikuwa matope. Nikalitazama shati langu, nikaachia pazia, nikajiambia watampata mwingine. Kijana akipendeza sana, akili humpungua.

Tulipofika kwa akina Nsimire tukakuta nyumba imefungwa. Jirani akatuambia mama yake ndiye aliyepitishwa kwenye kipoyi. Hakufa, namshukuru Mungu. Lakini kwa kukosa mtu wa nne, baba yake, mzee wa magoti mabovu, alibeba mwenyewe mpaka hospitali.

Nikaenda huko kuomba msamaha. Kumbe Nsimire alikuwa anatembea nyuma ya kipoyi, na pazia langu aliliona. Hakupiga kelele.

"Nilikuona mu dirisha," akasema. "Mama ya mutu iko anapita, we unafunga rido. Siku miye ntagonjwa, nani atanibeba?"

Tonton alikwenda kunisihia mara mbili, akarudi kichwa chini. Nsimire akaolewa mbali, huko Minova. Nililia, sikufichi; majuto ni mjukuu. Lakini machozi yalipokauka nikaapa kwamba kipoyi hakitapita tena mlangoni pangu bila bega langu. Nimebeba wajawazito, nimebeba hata walionitukana. (Mke wangu anaijua habari hii yote, na bado hunicheka.) Miaka ikapita, watu wa avenyu, mtaa wetu huu, wakaja kuniambia niwe shefu wao. Mimi sikuomba.

Sasa nasikia vijana wenzako wamekuchagua uwaongoze, nawe unataka kukataa kwa sababu yule mchumba wako Furaha amekuacha. Mwanangu, ukubwa ni jaa, na wewe unaweza kuubeba. Kama ulimkosea, muombe msamaha mara moja, kisha usimfuatefuate. Kosa lile usilirudie kwa mtu mwingine yeyote, hata usiyempenda. Usijifungie ndani ukingoja moyo upone ndipo utumikie watu, utazeeka humo. Wangu bado unauma siku nyingine, na nabeba hivyo hivyo. Kesho asubuhi nenda ukaipokee kazi yao.

Mungu akupe bega lisilochagua mgonjwa.