Sumad ya Osob

Osob Bulle ni fundi cherehani hapa mtaa wa Iftin, na mpaka mwaka jana nilimwona mjinga. Nina haki ya kusema hivyo, maana ni mimi, Sirad, ninayekaa kwenye cherehani ya pili kibandani mwake, mwaka wa tisa sasa.

Kila begi aliloshona, kabla hajafunga bitana, alitia uzi mwekundu kwa ndani: duara, na mstari mmoja umelikata katikati. Hiyo ni sumad ya baba yake, chapa ya moto ambayo watu wao huwachoma ngamia shingoni.

"Abaayo, dada yangu, nani ataiona huko ndani?" nilimuuliza.

"Mimi najua ipo."

"Basi mchome na mumeo, asipotee."

Mimi sikutia alama yoyote. Baba yangu alipofariki kule Rhamu, kaka zangu waligawana ngamia wote wakaniambia sumad haimfuati mwanamke kwenye nyumba ya watu. Tangu siku hiyo sikutaka hata kuikumbuka.

Kisha akaja Hirsi wa duka la nguo. Alituletea turubai ya buluu na nembo ya chuo kikuu iliyochapwa kwenye karatasi. "Shoneni mabegi ya wanafunzi," alisema. "Chuo nimeongea nao, hakuna wasiwasi." Tulitarizi ile nembo, kitabu na mwenge, na chini yake maneno ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Tuliyafuata kwa sindano kama mtu anavyofuata nyayo za mbuzi aliyepotea.

Yalipoanza kuuzwa, askari wa chuo waliyabeba mabegi yote dukani kwa Hirsi. Hirsi hakuwa na ruhusa ya mtu yeyote. Alipoulizwa ameyatoa wapi, alijibu, "Niliyanunua kwa wanawake fulani sokoni. Siwajui." Asubuhi hiyohiyo alikuwa amekunywa chai yetu!

Mimi nilimlaani siku saba. Osob alikwenda kwenye lango la chuo akauliza ni karatasi gani inayomruhusu mtu kushona nembo yao. Wakamwambia ni leseni, alete begi la mfano ofisini. Akalishona kwa siku tatu, na nikamsindikiza ili akifukuzwa asirudi peke yake. Bila leseni hiyo kibanda kilikuwa kimekwisha, kwa sababu mji mzima ulishajua mabegi ya wizi yalitoka kwa mafundi wa Iftin.

Ofisa alikuwa mtu wa Kitui, mpole, mwenye miwani. Alitujazia fomu yeye mwenyewe. Kisha akatoa kabatini mabegi mawili yaliyokamatwa, akayaweka kando ya lile la Osob.

"Mkono unafanana," alisema. "Mama, haya yalishonwa na nani?"

Nilimkanyaga Osob mguu chini ya meza. Hirsi alikana, nasi tukane. Hakukuwa na shahidi. Osob akauvuta mguu wake.

"Bindua," alisema. Alitaka kusema "pindua"; herufi ya p hututoroka sisi wote.

"Nini?"

"Bindua begi hii. Kata ndani. Iko uzi nyekundu."

Ofisa alikata bitana kwa mkasi, akainama juu ya lile duara.

"Hiyo ni sumad ya baba yangu. Begi ni yangu."

"Mama, unaelewa kwamba umejifunga mwenyewe?"

"Ngamia yangu ikiingia shamba yako ikule mahindi, utaangalia shingo, utakuja kwangu. Nitasema si yangu, na sumad iko kwa shingo? Nitasema ni yangu, kaa, tuongee mahindi." Akagusa nembo kwa kidole. "Na hii ni sumad yenu. Niliambiwa mumekubali, sikukuja kuuliza nyinyi. Kwetu kuchoma sumad ya watu ni aibu kubwa. Kosa ni yangu. Sasa nimekuja kuuliza."

Nimewaona wanaume wenye ndevu nyekundu kwa hina wakiapa uongo kwa sababu ya ngamia wa yatima. Yatima huyo ni mimi. Sikuwahi kumwona mtu akitoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, bila kuburutwa na yeyote, kwa Kiswahili cha kuokoteza. Subhanallah. Nilimtazama kama mtu anavyotazama mto Tana ukifurika usiku mmoja bila mvua kunyesha kwetu.

Ofisa alikata bitana ya begi la pili. Ndani palikuwa patupu.

"Na hili?"

Osob hakunigeukia. Angeweza kunitaja kwa jicho tu, lakini aliukazia macho ukuta.

"Langu," nilisema. Sauti ilitoka kabla sijaipa ruhusa.

Ofisa alivua miwani akaifuta. "Maana ya leseni ni hiyo tu, mama zangu. Kitu kikiwa na nembo yetu, tujue wa kumuuliza." Aliandika majina yetu yote mawili, na chini yake sharti moja: kila begi liwe na alama ya aliyelishona. Akachora duara la Osob kwenye fomu, kisha akanisogezea kalamu. "Ya kwako ikoje?"

Sikuwahi kushika kalamu ila kumpa mtu mwingine. Nilichora mistari miwili iliyosimama na nukta juu yake, sumad ya baba yangu, ile waliyoninyima kaka zangu. Mstari wa pili ulipinda.

Ofisa hakuuliza ilikuwa ya nani. Aligonga muhuri wa leseni juu yake.