Nyumba Iliyovutwa na Trekta

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe kwenye sakafu hunirudisha Kitale ya kabla ya uhuru, kwenye shule ya udongo iliyokuwa pembeni mwa shamba la mzungu aliyemwajiri baba. Kila Ijumaa sisi wasichana tuliipaka sakafu ile kwa mikono, na Jumatatu tuliingia bado inanukia, miguu yetu baridi kwa umande wa mashamba ya mahindi. Ng'ambo ya ukuta, katika darasa jingine, kiboko kililia asubuhi nzima. Kwetu, kwa Mwalimu Zakaria, vilisikika vicheko. Aliyechelewa alitakiwa kutoa sababu ambayo haijawahi kutolewa na mtu. Darasa likicheka, anakaa. Lisipocheka, anachukua ndoo kwenda mtoni kutuletea maji. Namkumbuka Kiprono akisema, uso mkavu kabisa, "Kuku wetu alikuwa anataga juu ya kaptura yangu, Mwalimu. Nikamngoja amalize."

"Na yai liko wapi?"

"Nimekula."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. Ajabu ni kwamba tulianza kuwahi, maana sababu mpya zilituishia na mto ulikuwa mbali.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, Jumatatu moja nilipoingia nimechelewa sana, nimebeba sufuria kubwa kichwani. Darasa lilianza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Haya, Nanjala, tuambie," Mwalimu akasema.

"Nyumba yetu imeenda, Mwalimu."

"Imeenda? Si ingeaga kwanza!"

"Imevutwa na trekta."

Walicheka wakapiga madawati. Mwalimu alipangusa machozi akasema hiyo ni mpya, nikae. Nami nilicheka, kwa sababu wote walikuwa wanacheka, na sikujua uso wangu ufanye nini kingine. Nilipoiteremsha sufuria kifuniko kikaanguka, na Mwalimu akaona kilichokuwamo: blanketi lililolowa, nguo za mdogo wangu na taa yetu iliyovunjika. Baba alikuwa ameambiwa na mzungu apunguze ng'ombe wake, akakataa. Alfajiri ile nyapara wa shamba alifunga mnyororo wa trekta kwenye nguzo ya nyumba.

Mwalimu alichuchumaa mbele yangu, suruali yake ikigusa sakafu.

"Nisamehe, Nanjala. Nimekucheka na wewe unasema ukweli."

Hatukuwa tumewahi kusikia mwalimu akimwomba mtoto msamaha. Kisha alichukua ndoo, akaenda mtoni mwenyewe.

Mchana alikuja tulipokuwa tunapakia vitu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tuhamie kwa babu, Mabanga. Baba, kwa hasira, alisema masomo yangu yameisha. Mwalimu hakubishana naye. Alisaidia kuinua kinu, akafunga kamba, ndipo akampa karatasi iliyokunjwa. "Mzee, mpatie mwalimu yeyote huko." Baba hakujua kusoma; njiani akaniomba nimsomee. Iliandikwa: "Mtoto huyu anasoma vizuri. Akichelewa, aminini anachosema." Baba aliikunja tena, akaitia mfukoni mwa koti. Wiki iliyofuata alinipeleka shule.

Nami nilikuja kuwa mwalimu, na sasa nimestaafu. Mjukuu wangu anasoma Kanduyi, shule ya mawe, yenye geti na mlinzi. Kiboko kimekatazwa, na nashukuru. Mtoto akichelewa, anaandika jina kitabuni langoni na kupita moja kwa moja darasani. Nimesimama pale asubuhi nyingi nikiwatazama wakiandika. Hakuna anayewachapa, hakuna anayewacheka, na hakuna anayewauliza kumetokea nini nyumbani.