Kombe la Mwanamke wa Kisimani

Dada yangu alikuwa akisomesha watoto wa kike Kurani katika ukumbi wa nyumba yetu, mtaa wa Dunda, na mimi nilikuwa msaidizi wake. Yeye alisomesha. Mimi nilichanganya wino, nilisugua mbao za kuandikia, na niliwasikiliza wadogo wakirudia herufi. Ninayoyaandika ni ya mwaka tuliorudi mjini, baada ya Wadachi kutupiga kwa mizinga kutoka baharini nasi kukimbilia mashamba ya Kiwangwa. Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Niliyosimuliwa nitasema nani alinisimulia.

Tulikuta mapaa ya makuti yameungua na kuta nyingi za mawe bado zimesimama. Watoto walirudi chuoni kwetu na hadithi mpya. Zamani walikuwa wakitishana kwa majini ya baharini. Sasa walikuwa na mpagazi anayepita mwisho wa mji akiuliza mzigo wake uko wapi, na askari wa Kidachi anayebisha mlangoni akiomba maji. Nilidhani Dada atawakataza. Badala yake, kila Jumatano kabla ya kuwaruhusu kwa mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa, alifunga msahafu, akaufunika kwa kitambaa, akasema, "Haya, semeni."

Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu, "Wasiposimulia mbele yangu, watasimulia nyuma ya ua, na huko hakuna wa kuwauliza."

Na kweli aliwauliza. Umesikia kwa nani? Huyo naye alisikia kwa nani? Nani alimwona kwa macho yake? Wasichana waliupenda mchezo huo kuliko hadithi zenyewe.

Jumatano moja binti wa mpika visheti, mtoto mwenye ulimi, alileta habari za mwanamke wa kisimani. Kisima chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba zilizoungua. Kombora lilikuwa limevunja ukingo wake, na watu wazima hawakupenda watoto wafike pale.

"Anachechemea," alisema. "Mguu mmoja hauna kubadhi. Anauliza, mmemwona mwanangu? Ukimjibu, unapooza mdomo."

"Wewe hujamjibu, maana mdomo wako mzima," mwenzake alimwambia, na wote wakacheka.

Mmoja hakucheka. Alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, mkimya, aliyekaa karibu na nguzo. Sote tulijua habari zake. Siku ya kukimbia, mama yake aliwafikisha yeye na bibi yake mwanzo wa njia ya mashamba, akarudi nyumbani kuchukua mtungi wa maji. Hakuonekana tena, na maiti yake haikupatikana. Bibi yake, mzaa mama, alikataa matanga yasiwekwe. Baba yake alitaka kuhamia Saadani kwa ndugu zake na kumchukua mtoto, lakini mtoto alimwambia, "Mama akirudi atanikosa." Kwa hiyo baba alikuwa akingoja, huku kazi ikimwita kule.

"Kisutu chake cha kujitanda rangi gani?" mtoto huyo aliuliza.

"Chekundu."

"Mji mzima una visutu vyekundu," mwingine alisema. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa.

Siku zilizofuata alijitolea kuosha mbao. Maji ya ubao ulioandikwa maneno ya Mungu hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Sisi tulikuwa tukiyamwaga kwenye shina la mkomamanga uani. Mtu akiugua, Dada alimwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe, na watoto wote walikuwa wamewahi kulinywa.

Niliona udongo wa mkomamanga umekauka. Alasiri moja nilimfuata mtoto. Alikwenda na kibuyu mpaka kisimani, akapiga magoti mbali kidogo na ukingo, akamimina maji ya mbao ndani ya kifuu cha nazi alichokwisha kukiweka pale.

"Mama, kunywa," alisema. "Ni Yasini mpaka hapa nilipofika. Ukipona mguu, njoo nyumbani. Hawajanipeleka Saadani."

Nilimwita taratibu asije akashtuka. Nilimwambia kombe ni la mgonjwa.

"Si anachechemea, mama mdogo?" aliniuliza.

Nilimshika mkono tukarudi.

Dada aliponisikia alijifunga buibui akaenda kwa bibi wa mtoto. Walikwenda wote wawili kisimani, nami nikawafuata. Bibi alikiokota kifuu. Mle mlikuwa na maji meusi ya wino na sisimizi wamezama. Alikitazama, kisha akamwambia Dada, "Mimi ndiye niliyemzuia huyu mtoto asilie." Jioni hiyo alimtuma mtu kwa mkwewe: matanga yawekwe.

Jumatano iliyofuata binti wa mpika visheti aliulizwa tena. Alisikia kwa shangazi yake, shangazi kwa mchota maji, mchota maji kwa mtu ambaye hakumkumbuka. Dada akasema, "Basi hakuna aliyemwona." Alilisema kwa upole, lakini niliona uso wa yule mtoto mkimya. Sasa alikuwa amenyang'anywa hata yule mama mwenye mguu mbovu, anayemtafuta.

Dada akamwambia, "Wewe ulimwona mama yako. Sema ulichokiona."

"Alikuwa na makubadhi yote mawili," alisema. "Jasho lilikuwa linamtoka hapa. Aliniambia nishike kisutu cha bibi, nisikiachie. Nikamwambia sina kiu. Akasema bibi ana kiu. Akaenda mbio. Pale penye ukuta wa duka la Mhindi alikata kona."

"Halafu?" Dada aliuliza.

"Halafu hakuna," alisema, na ndipo alipolia. Hakuna aliyemcheka. Binti wa mpika visheti alisogea akakaa karibu naye, wakabanana ubavu kwa ubavu mpaka tulipowaruhusu.

Khitima ilisomwa nyumbani kwa bibi. Baada ya siku chache baba alikuja kumchukua mtoto kwa safari ya Saadani. Bibi alikataa kuhama. Alisema hawezi kuzoea mji mwingine kwa umri wake. Alimfunga mjukuu wake ushungi, akaufungua, akaufunga upya. Mtoto alikuwa amelishika pindo la kisutu cha bibi yake. Baba alisema jua linapanda. Bibi akaishika ile mikono midogo, akavibandua vidole, kimoja baada ya kimoja.