Mchanga wa Watamu

Kama kuna mtu mtaa wote wa Satellite, Nairobi, aliyezijua raha za Pwani, ni Wangeci, Mama Jeremy wa saluni. Kila Agosti aliwapeleka akina mama wa kanisa lao: treni ya SGR mpaka Mombasa, Fort Jesus, kulisha twiga Haller Park, magofu ya Gedi, halafu siku ya mwisho, Watamu. Hapo ndipo alipopatia jina. Mashua iliwapeleka mbali na ufuo, ikawashusha juu ya mchanga mweupe uliojitokeza katikati ya bahari. Walisimama pale, maji vifundoni, wote wamevaa kitenge cha aina moja, wakaimba na kupigwa picha. Picha hizo zimetundikwa sebuleni mwa watu kuanzia Satellite mpaka Mutuini.

Sasa sikiliza ubaya wa binadamu. Jacklyne, aliyeletwa kwenye kikundi na Wangeci huyohuyo, aliyefundishwa na Wangeci huyohuyo hata namna ya kumbembeleza mwenye hoteli, alifungua kikundi kipya cha WhatsApp. Akawaingiza wote isipokuwa Mama Jeremy. Kisa? Eti ni mkali, anawaamsha watu alfajiri kama askari jela. Asante ya punda ni mateke! Wangeci alizipata habari kutoka kwa mteja ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye sinki. Alisuuza, akafuta, akasuka. Lakini moyoni aliapa atamwonyesha Jacklyne kilichomtoa kanga manyoya.

Nafasi ikajileta yenyewe. Jumamosi Jacklyne aliingia saluni, kicheko kimemtangulia mlangoni.

"Sasa Mama Jeremy. Usinikasirikie, ni wamama ndio walisema. Nisaidie na kitu moja tu. Ile mchanga ya Watamu, mashua tupange saa ngapi?"

Wangeci akamuuliza wanaenda lini. Wiki ijayo. Akapiga hesabu kimyakimya: mwezi mpevu ulikuwa umetoka tu kupita, kwa hiyo wiki ijayo ungekuwa nusu. Na mwezi ukiwa nusu, adhuhuri ya Watamu bahari imejaa na mchanga umezama. Hujitokeza jioni, tena kidogo tu. Mabaharia wa kule ndio waliomfundisha.

"Saa sita," alisema. "Jua likiwa utosini ndio picha hutoka poa."

"Mungu akubariki."

"Amina," Wangeci akajibu, wala hakuona haya.

Wiki ile alisuka nywele huku akiimba. Aliwaona akilini wakizungushwa juu ya maji mengi, vitenge vipya vimelowa, Jacklyne akitafuta maneno. Na jioni wasingeweza kungoja, maana treni haimsubiri mtu. Kisasi kilimnenepesha.

Siku moja kabla ya safari, mama yake akafika kutoka Mutuini kwa boda boda. Aliketi, akafungua mfuko, akatoa kitenge kipya.

"Jacklyne alikuja mpaka nyumbani," alisema mama. "Akaniambia, Cucu, nyanya yetu, safari hii twende na wewe. Kesho naenda kuona bahari."

Miaka yote hiyo Wangeci alikuwa amepeleka mama za watu, wake mwenyewe akimwambia mwakani, Mum, joto litakuumiza miguu.

"Hizo ngome na twiga sitaki sana," mama aliendelea. "Nataka pale pa kusimama katikati ya maji, kama wana wa Israeli. Hata nikirudi nife, sawa."

Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Ujumbe mmoja ungetosha: nendeni jioni, treni mpande kesho yake. Aliigusa. Kisha akamwona akilini Jacklyne akishukuriwa na kanisa zima kwa ujuzi usio wake, na roho ikamchemka upya. Bahari mama ataiona, alijiambia, maji ni maji. Akamkalisha kitini, akamsuka mistari mizuri ya safari, na simu ikakaa mfukoni.

Waliporudi, habari zilimfikia kabla hawajafungua mabegi. Debra, mweka hazina wa kikundi, ndiye aliyepiga simu. "Mama Jeremy, rudi. Huyo Jacklyne ametuaibisha. Hatumtaki tena." Wangeci akajifanya hasikii vizuri ili aambiwe mara ya pili.

Kesho yake akabeba sukari na mkate, akaenda Mutuini kuisikia aibu hiyo kinywani mwa mama yake. Alimkuta akimkatia ng'ombe nyasi.

"Mchanga haukuwepo," mama alisema, bila kuinua kichwa. "Walimtukana yule msichana mpaka akalia. Mimi nilimshika mkono."

"Pole, Mum. Hajui kazi."

"Nilimwambia nahodha hivyohivyo, kwamba pengine hajui. Lakini nikamwambia pia kwamba msichana amenieleza aliuliza kwanza, kwa mtu anayeleta watu hapo kila mwaka. Nahodha akacheka. Akasema, Cucu, basi mtu huyo hakukosea. Aliwatakia hivi."

Mama akaliweka panga chini.

"Akaniuliza kama ninamjua."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia simjui."